Parashuti Hukaguliwa Chini: Kupanga, Kukunja na Kukagua Vifaa vya Kuruka Angani

Mrukaji anayeanguka tumbo likiwa chini hufikia mwendo wa karibu kilomita 190 kwa saa, yaani futi 1,000 kwa sekunde tano au sita hivi. Kwa mwendo huo hakuna nafasi ya kutafuta kishikio kilichojificha, wala ya kujiuliza kama kamba ya breki ilipita panapotakiwa. Hayo humalizwa ardhini, juu ya turubai, akili ikiwa imetulia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya aliyekwisha kufundishwa na kupata leseni ya kwanza, ambaye sasa anaanza kutumia seti yake mwenyewe, iwe Diani kwenye pwani ya Kenya au kwingineko. Hauchukui nafasi ya mwalimu wala ya fundi wa parashuti. Ukiona umetofautiana na kitabu cha mtengenezaji wa kifaa chako, fuata kitabu.

Seti ni mkoba wa mgongoni wenye vyumba viwili. Cha chini kina parashuti kuu, cha juu kina parashuti ya akiba. Upande wa kulia wa kifua pana kishikio laini, mara nyingi chekundu, cha kuachia parashuti kuu ikiharibika. Kushoto pana kishikio cha akiba, ambacho kwenye seti nyingi ni pete ya chuma. Chini ya mkoba, nyuma ya kiuno, pana mfuko wa kitambaa kinachonyumbuka uliohifadhi kiparashuti: kile kidogo kinachotupwa kwenye upepo ili kivute pini na kutoa parashuti kuu.

Ukubwa kwanza

Jumlisha uzito wako na wa kila utakachovaa, geuza kilo ziwe ratili (zidisha kwa 2.2), kisha gawanya kwa futi za mraba za parashuti. Mtu wa kilo 75 mwenye vifaa vya kilo 12 ana kilo 87, sawa na ratili 191. Chini ya parashuti ya futi 230 anapata 0.83, chini ya futi 150 anapata 1.27. Anayeanza asivuke 1.0. Kadiri namba inavyopanda ndivyo parashuti inavyokwenda kasi zaidi, inavyopoteza kimo kingi ikikata kona, na inavyozunguka kwa ukali breki moja ikifunguka mapema. Bei nafuu ya parashuti ndogo iliyotumika isikushawishi. Warukaji huumia na kufa chini ya parashuti nzima zisizo na kasoro yoyote, kwa sababu ya kona waliyokata wakiwa karibu mno na ardhi.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwa akiba. Lebo yake inataja uzito wa juu unaoruhusiwa, na uzito huo hauvukwi. Kumbuka kwamba siku utakayoihitaji huenda ukatua nayo mahali usipopachagua, labda ukiwa umechanganyikiwa au mkono mmoja umeumia.

Kuunganisha parashuti kuu na mikanda

Kamba za parashuti hukusanyika kwenye raiza nne, yaani mikanda inayopanda kutoka mabegani: mbili za mbele, mbili za nyuma. Makundi ya kamba huitwa A hadi D, kuanzia mbele ya kitambaa kwenda nyuma: A na B huenda mbele, C na D nyuma, na kamba za breki hukaa nyuma kabisa upande wa nje. Kila kamba ya breki hupita kwenye jicho la slaida, yaani kipande cha kitambaa kinachoteleza juu ya kamba, kisha kwenye pete ya mwongozo iliyoshonwa nyuma ya raiza ya nyuma, ndipo ifike kwenye kishikio chake. Kuunganisha kwa mara ya kwanza mwachie fundi, au kufanye akiwa amesimama pembeni yako. Baada ya hapo ukaguzi ni wako kila siku. Shika raiza za kulia kwa mkono wa kulia na za kushoto kwa mkono wa kushoto, tembea kuelekea kwenye kitambaa, na hakikisha hakuna kundi linalozunguka jingine. Ukiona makundi ya kulia na kushoto yamepishana, mara nyingi mkoba umepita katikati ya kamba wakati wa kubebwa. Urudishe ulikopita. Usifungue kiungo hata kimoja, maana hapo utatengeneza kosa la pili juu ya la kwanza.

Raiza hushikwa na mikanda kwa mfumo wa pete tatu alioubuni Bill Booth wa Marekani katika miaka ya 1970. Pete kubwa imeshonwa kwenye mkanda wa bega. Ya kati na ndogo ziko kwenye raiza. Ya kati hupita ndani ya kubwa, ndogo hupita ndani ya ya kati, kisha kitanzi cheupe huishika ndogo, hupenya jicho la raiza na mwisho wa bomba la chuma, na hufungwa kwa waya wa njano unaotoka kwenye kishikio chekundu. Kila pete hupunguza nguvu inayofika kwenye inayofuata, ndiyo maana uzito wa mtu mzima huzuiliwa na kitanzi chembamba cha uzi. Angalia kwa jicho, kisha kwa kidole: kila pete ipite ndani ya ile inayoizidi ukubwa tu, na kitanzi kishike pete ndogo peke yake. Kitanzi kikishika pete mbili kwa pamoja, mpangilio wa nguvu huharibika na raiza inaweza kukataa kuachia.

Mara moja kwa mwezi mfumo huu uvunjwe hata kama haukurukwa. Utepe wa raiza ukikaa umejikunja mahali pamoja hukakamaa, hivyo upinde huku na huku karibu na pete. Waya wa njano ufutwe kwa kitambaa safi na kupakwa tabaka jepesi sana la mafuta ya silikoni, kwa sababu uchafu unaoganda juu yake huongeza nguvu inayohitajika kuuvuta. Kisha panga upya, mtu mwingine akague.

Kompyuta ya akiba

AAD ni kompyuta ndogo inayopima shinikizo la hewa na kukata kitanzi cha akiba ikiona unaanguka kwa kasi chini mno. CYPRES ya kampuni ya Airtec ya Ujerumani ilianza kuuzwa 1991. Ile ya warukaji wenye uzoefu hufanya kazi kwenye kimo cha takribani mita 225 ikiwa mwendo ni zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 190 kwa saa, kutoka mita 225 hadi ardhini ni sekunde nne hivi tu. Si kifaa cha kutegemea katika mpango wako. Kipo kwa ajili ya aliyezimia, aliyegongwa, au aliyepoteza hesabu ya kimo.

Kosa linalorudiwa ni kuiwasha mahali pasipo sahihi. Huwashwa kwenye uwanja utakaopaa, nayo hukichukua kimo hicho kuwa sifuri. Ukiiwasha asubuhi ukiwa usawa wa bahari kisha ukasafiri na gari hadi nyanda za juu kuruka huko, sifuri yake itabaki pwani, na ardhi itakufikia kabla ya kompyuta kuona sababu ya kufanya kazi. Zima, washa upya ulipofika. Kama unapaa mahali na kutua mahali pengine penye kimo tofauti, kuna utaratibu wa kuingiza tofauti hiyo. Jifunze kabla ya siku ya kuruka. Altimita ya mkononi nayo irudishwe sifuri kabla ya kila mpando.

Kukunja

Akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti tu. Marekani sheria inataka ikunjwe upya kila siku 180, hata kama haijafunguliwa. Angalia tarehe na muhuri kwenye kadi yake. Parashuti kuu utaikunja mwenyewe, na hapa ndipo pa kutofanya haraka. Ukikatizwa na simu au salamu, usiendelee ulipodhani umefika. Rudi kwenye hatua unayoweza kuiona.

1. Tandaza turubai safi, kivulini. Fuata kamba kutoka raiza hadi kwenye kitambaa kama ilivyoelezwa.

2. Koki kiparashuti, yaani kitege kiwe tayari kujaa hewa. Kina kamba ya ndani inayokifanya kijikunje chenyewe baada ya parashuti kuu kufunguka, ili kisikuburute. Shika sehemu yake ya chini, vuta utepe unaokiunganisha na pini na parashuti kuu hadi rangi ionekane kwenye kidirisha cha utepe karibu na pini. Rangi isipoonekana, kiparashuti hakitajaa hewa; kitaelea nyuma yako kama kitambara, na mkoba utabaki umefungwa. Angalia rangi hiyo sasa, na tena kabla ya kufunga kifuniko cha mwisho.

3. Panga breki. Vuta kamba hadi kitanzi chake kipite chini ya pete ya mwongozo, ingiza ncha ya kishikio humo, kisha kamba iliyobaki ihifadhiwe mahali pake. Ncha ikiingizwa kabla kitanzi hakijapita pete, kishikio kinaweza kukwama wakati unakihitaji. Breki isiyoshikwa vizuri nayo hufunguka peke yake, na parashuti huanza kuzunguka upande mmoja kabla hujainua macho.

4. Simama, ning'iniza kamba begani, hesabu midomo ya chemba (vyumba vya hewa vya kitambaa) zote, na uivute iwe pamoja. Kisha toa kitambaa nje kati ya kundi moja la kamba na jingine: A na B, B na C, C na D, D na breki. Kamba zote zibaki katikati, kitambaa nje. Kamba iliyobaki nje ya kitambaa inaweza kupita juu yake wakati wa kufunguka na kuigawanya parashuti mara mbili.

5. Pandisha slaida hadi majicho yake manne yaguse vizuizi vilivyoshonwa kwenye kitambaa, na ukitawanye kitambaa chake sawasawa katika pande nne. Slaida ndiyo inayozuia parashuti isifunguke yote kwa mara moja. Ikiwa imeteremka hata kidogo wakati wa kuingiza kwenye mfuko wa parashuti kuu, utafunguliwa kwa kishindo kinachoweza kupasua kitambaa, kukata kamba na kuumiza shingo. Kama kuna hatua moja ya kuitazama mara mbili, ni hii.

6. Zungusha mkia kuelekea mbele, uviringishe na kuubana, laza kifurushi taratibu huku kamba zikiwa zimekazwa, toa hewa kwa magoti, kunja kama herufi S na uingize kwenye mfuko. Kitambaa kipya kisichopitisha hewa huteleza kama samaki. Kinahitaji uvumilivu, si nguvu.

7. Funga kamba kwa raba, kila kikunjo kiwe na sentimita 6 hivi, kulia na kushoto vikilingana. Raba ishike kiasi cha kuhitaji nguvu ya kilo 4 hadi 5 kuachia. Zikilegea, kamba humwagika zote pamoja na parashuti huanza kujaa hewa kabla hazijanyooka. Badilisha kila raba iliyochanika au kutanuka. Acha sentimita 40 hadi 50 za kamba bila kufungwa kati ya mfuko na raiza, ili mfuko uinuke sawasawa bila kugeuzwa.

8. Funga vifuniko kwa mpangilio wa kitabu. Kitanzi cha kufungia kiwe kifupi kiasi cha kukaza pini. Kirefu kikilegea, pini hutoka bila kuitwa. Nyuzi zake zikianza kuchakaa, hata sehemu moja ya kumi tu, weka kipya. Kamba uliyotumia kuvutia kitanzi itoe polepole ikipita chini ya pini, maana ukiichomoa kwa kasi msuguano hukiunguza kitanzi.

Sasa fuata utepe kwa kidole kutoka kwenye pini hadi kwenye kiparashuti. Usipite chini ya kifuniko kisichostahili, usijisokote kwenye mkanda wa mguu. Kiparashuti kikunjwe, kiingie chote kwenye mfuko wake wa nyuma ya kiuno, kibaki kishikio tu nje. Mfuko huo ukianza kulegea upelekwe kwa fundi. Kiparashuti kikichomoka mlangoni mwa ndege humvuta mrukaji nje, na anaweza kugonga mkia wa ndege.

Ukaguzi wa mara tatu

Kagua kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na kabla mlango haujafunguliwa. Hesabu kwa tatu-tatu: mifumo ya pete tatu, pande zote mbili, ukitazama na RSL (utepe unaovuta pini ya akiba raiza zikiachiwa) kama imefungwa, vifungo vitatu vya mikanda, yaani kifua na miguu miwili, kila mkanda ukiwa umepita kwenye bizimu sawasawa bila kujisokota, vishikio vitatu, yaani chekundu, cha akiba na cha kiparashuti. Kisha mtu mwingine afungue vifuniko vya nyuma na kutazama pini ya akiba, pini kuu, rangi kwenye kidirisha, na taa au namba ya AAD. Mkanda wa kifua uliosahaulika hauonekani kirahisi chini ya nguo pana. Uguse.

Ndani ya ndege mkoba usisuguliwe ukutani. Mlango ukiwa wazi, linda vishikio kwa mikono.

Kimo cha kuamua

Kanuni za USPA, chama cha warukaji wa Marekani, zinamtaka mwenye leseni ya A, ile ya kwanza, afungue kabla ya futi 3,000, na zinapendekeza aamue kuhusu parashuti mbovu kabla ya futi 2,500. Lakini parashuti kuu huweza kula futi 600 hadi 1,000 ikifunguka, hivyo anayefungua 3,000 hana nafasi ya kufikiri. Fungua kwenye 4,000 au zaidi. Baada ya kufunguka jiulize: ina umbo lake? Inakwenda sawa? Inatii breki, kulia, kushoto na kusimama? Chemba za pembeni zilizojikunja na slaida iliyosita mara nyingi hurekebishika kwa kuvuta breki zote mbili. Kamba zilizojisokota huweza kufumuka ukitanua raiza na kupiga mateke, mradi parashuti haizunguki na kimo kipo. Ukifika kimo cha kuamua na bado haitii, usijadiliane nayo.

Tazama kishikio chekundu, kishike kwa mikono kama ulivyofundishwa; tazama cha akiba. Vuta chekundu hadi mwisho wa mikono, kisha vuta cha akiba papo hapo. RSL huunganisha raiza na pini ya akiba na inaweza kukutangulia, lakini wewe vuta kana kwamba haipo. Chini ya futi 1,000 usiachie parashuti kuu, kimo hakitoshi. Ongeza kitambaa kwa kufungua akiba. Zikitoka zote mbili, zikikaa moja mbele ya nyingine, acha breki za ile ya nyuma zilivyo na uongoze ya mbele kwa upole, bila kuvunja mwendo wakati wa kutua. Zikitawanyika na kuelekea ardhini kila moja upande wake, achia kuu mara moja.

Mazoezi ya mpangilio huu yafanywe kwenye mikanda ya kuning'inia kila baada ya kukaa muda bila kuruka, mkono uende wenyewe.

Pwani: chumvi, mchanga na maji

Diani inatazama mashariki, na kusi na kaskazi zote huvuma kutoka upande wa bahari. Ndege humwachia mrukaji upande upepo unakotoka, kwa hiyo mara nyingi utakuwa juu ya maji. Kanuni za USPA zinataka vifaa vya kuelea ikiwa unatokea, unafungulia au unatua ndani ya maili moja ya maji yanayoweza kumzamisha mtu. Vivae na ujue vinavyojazwa.

Ukiona hutafika nchi kavu, legeza mkanda wa kifua, tenganisha RSL, jaza kifaa cha kuelea, geukia upepo, na vuta breki nusu karibu na maji. Usiachie parashuti ukiwa hewani, kwani kimo juu ya maji hudanganya macho. Ingia mapafu yakiwa yamejaa hewa, toa miguu kwenye mikanda, kisha ogelea kinyumenyume mbali na kamba. Kisu cha kukatia kamba kiwe mahali mikono yote miwili inapofika.

Parashuti iliyolowa maji ya bahari ioshwe siku hiyohiyo kwa maji mengi yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini. Chumvi ikikauka ndani ya nyuzi huzikata kidogo kidogo, na jua huzidhoofisha bila kubadilisha sura yake. Pete na viungo vya chuma vifutwe, vikaguliwe kutu. Akiba iliyolowa na AAD yake vipelekwe kwa fundi vyote, usivifungue. Mchanga utikise kabla ya kukunja, hasa kwenye majicho ya slaida, maana hukwaruza kamba katika kila ufunguaji. Kamba za Spectra, aina ya uzi mwembamba wenye nguvu, hufupika kwa joto la msuguano, na za breki hutangulia: ukiona mkia umevutwa chini hali vishikio vimeachiwa juu kabisa, mwambie fundi azipime. Gari lililofungwa juani si stoo ya parashuti. Iweke ndani, pakavu, mbali na dirisha, betri na mafuta.